Barafu ya Kibo darasani: mwongozo kamili wa kufundisha mabadiliko ya tabianchi kwa filamu, sayansi na sheria

Kozi nyingi za mabadiliko ya tabianchi vyuoni hupangwa kama mabasi matatu yaliyoegeshwa stendi moja. Mwalimu wa fizikia anakuja na gesijoto zake, yaani gesi zinazonasa joto hewani, wa sheria na mikataba yake, na Ijumaa mchana, watu wakiwa hoi, inawekwa filamu. Muhula ukiisha mwanachuo ana madaftari matatu yasiyojuana.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unachukua dai moja lililotamkwa ndani ya filamu, unalipima kwa namba, unalifikisha mahakamani, halafu unalishusha hadi kwenye halmashauri ya wilaya. Dai lenyewe linahusu barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Katika filamu An Inconvenient Truth ya mwaka 2006, Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, anaonyesha picha za mlima huo zilizopishana kwa miaka zaidi ya 30, kisha anasema kwamba ndani ya muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha. Muongo ulipita, barafu ipo. Mwaka 2007 jaji wa London aliitaja sehemu hiyo miongoni mwa tisa alizosema haziendani na sayansi iliyokubalika, lakini akaruhusu filamu iendelee kuonyeshwa shuleni. Kwa mwalimu wa Afrika Mashariki hiyo ni zawadi. Mlima ni wetu, filamu inajulikana, kosa limeandikwa kwenye hukumu, na sababu za kosa zinafundisha sayansi kuliko filamu yenyewe.

Mpango ni wa wiki 6, vipindi viwili kwa wiki, saa mbili kila kimoja, kwa darasa la wanachuo 40 waliogawanywa makundi 8 ya watu 5. Darasa likiwa kubwa zaidi, ongeza watu kwenye makundi, usiongeze makundi. Sababu utaiona wiki ya 4.

Maandalizi kabla ya muhula

Anza na friza, kwa sababu ndiyo inayochukua muda mrefu. Tafuta ile isiyojijengea ukoko wa barafu kwenye kuta, yaani yenye feni ya ndani. Friza ya kawaida inayoota ukoko haifai kwa jaribio la wiki ya 1: hewa yake imeshiba mvuke, na barafu yako haitapungua kwa kiasi cha kupimika. Nunua mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1. Ile ya gramu 1 inafaa kwa shida.

Ukumbi ni tatizo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Projekta ya lumeni 3,000 inashindwa na mwanga wa saa nane mchana katika darasa lenye madirisha pande mbili, na picha za barafu nyeupe ndizo huwa za kwanza kufifia. Funika madirisha kwa kitambaa kizito cheusi, kwa maana kanga hupitisha mwanga, au panga kipindi cha filamu saa kumi na mbili jioni. Spika ya ndani ya projekta haitoshi watu 40, kwa hiyo azima sabufa. Filamu iwe kwenye kompyuta au flashi tangu jana yake na uwe umeijaribu hadi mwisho, usitegemee intaneti ya chuo. Maktaba inunue nakala halali yenye ruhusa ya kuonyeshwa darasani. Filamu ya wizi katika kipindi cha sheria ni aibu isiyo na maelezo.

Chapisha mapema nakala 8 za kila hati: kifungu cha 75 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2016, ibara za 2, 4 na 12 za Mkataba wa Paris, yaani mkataba wa kimataifa wa tabianchi wa mwaka 2015, na hukumu ya London ya tarehe 10 Oktoba 2007.

Wiki ya 1: jua wanachokijua, kisha weka barafu kwenye friza

Kipindi cha kwanza kiwe na maswali 5 ya karatasi, dakika 15, bila alama. Moja lazima liwe hili: "Ni nini kinachosababisha ongezeko la joto duniani?" Utashangaa ni wangapi watajibu "tundu kwenye tabaka la ozoni". Kosa hili limekaa vichwani tangu shule ya msingi na halitoki kwa kulikemea. Chora ubaoni mishale miwili. Mmoja ni mionzi ya urujuanimno kutoka juani, ambayo ozoni huizuia kabla haijafika chini. Mwingine ni joto linalotoka ardhini kwenda juu, ambalo hewa ukaa hulinasa. Ozoni inahusu kinachoingia, hewa ukaa inahusu kinachotoka. Waache wauchore wenyewe mchoro huo bila kuutazama ubao. Bila hatua hii, wiki ya 4 watachanganya Mkataba wa Paris na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo ndiyo ya ozoni.

Kipindi cha pili ni cha jaribio la friza. Linaonyesha kwamba barafu inaweza kupungua bila kuyeyuka, jambo ambalo ndilo kiini cha ubishi wa Kilimanjaro.

Gandisha maji katika vikombe vitatu vinavyofanana, gramu 100 kila kimoja. Kikombe A kiache wazi. Kikombe B kifunike kwa nailoni na mpira. Kikombe C kiache wazi lakini, maji yakishaganda, weka sarafu juu ya barafu yake. Hiyo sarafu ni mlinzi wa umeme: ukikatika usiku hadi barafu ikayeyuka kisha ikaganda tena, asubuhi utaikuta sarafu iko ndani ya barafu au chini ya kikombe badala ya juu. Jaribio likishaingiliwa hivyo, anza upya, kwa sababu barafu iliyoyeyuka mara moja haithibitishi chochote.

Pimeni kila baada ya siku mbili kwa siku 14, kila kundi kwa zamu yake. Kosa la kawaida linatokana na unyevu wa pwani. Kikombe baridi kikitoka kwenye friza Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya nusu dakika kimejaa umande nje, na umande una uzito. Siku ya tatu mwanachuo ataandika kwamba barafu imeongezeka. Mizani iwe mlangoni mwa friza tayari imewashwa, kikombe kifutwe kwa kitambaa kikavu, kisomwe ndani ya sekunde 20 na kirudi. Asiyewahi arudie siku inayofuata, asibuni namba.

Wiki ya 2: filamu, kwanza bila sauti

Filamu ina dakika zisizofika 100. Ukiionyesha yote ndani ya kipindi cha saa mbili, zinabaki dakika 20 za kusema "ilikuwa nzuri". Wanaotaka kuiona yote waitazame wenyewe jioni. Kipindi kiwe na vipande vitatu tu: Kilimanjaro, mchoro wa hewa ukaa na joto kutoka kwenye barafu ya kale ya Antaktika, na kupanda kwa bahari.

Kila kipande kionyeshwe mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti. Wanaandika wanachokiona tu: mlima, rangi, ukubwa wa sehemu nyeupe, tarehe kama imeandikwa. Mara ya pili washa sauti, na wanaandika dai kwa maneno yao, sentensi moja. Mara ya tatu wanatafuta pengo kati ya picha na dai. Ukiruka hatua ya kwanza, sauti ya msimulizi ndiyo itakayowaamulia walichokiona.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa somo. Tunasema "theluji ya Kilimanjaro" na kuchanganya vitu viwili. Theluji ni ile inayoanguka na kuondoka baada ya siku au wiki, na mlima unaweza kuvaa nguo nyeupe yote baada ya mvua za masika au vuli, kisha ukaivua. Barafu ya kudumu, ambayo baadhi ya vitabu huiita barafuto, imekaa Kibo kwa karne nyingi. Picha ya mwezi wa tano na picha ya mwezi wa tisa za mwaka mmoja huonekana kama zimepishana kwa miaka hamsini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa picha yoyote ya mlima liwe: ilipigwa mwezi gani? Mwambie kila mwanachuo alete picha mbili za Kibo kutoka kwenye simu za ndugu na marafiki, zikiwa na tarehe. Zibandikeni ukutani kwa mpangilio wa miezi badala ya miaka. Ukuta huo utafanya kazi ambayo mhadhara wa saa nzima hauifanyi.

Kwa kipindi cha pili weka filamu ya namna nyingine kabisa. Thank You for the Rain ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Julia Dahr wa Norwei, inamfuata Kisilu Musya, mkulima wa Kitui nchini Kenya, ambaye mwenyewe alikuwa anashika kamera, hadi anafika kwenye mkutano wa Paris wa mwaka 2015. Msilinganishe ipi nzuri. Ulizeni nani ameshika kamera, nani anaruhusiwa kuwa mtaalamu, na dai lipi la mkulima linaweza kupimwa. Mkulima anaposema mvua imebadilika, hilo ni dai la kupelekwa kwenye takwimu za kituo cha hali ya hewa kama lilivyo dai la mwanasiasa, bila kumdharau na bila kumwabudu.

Wiki ya 3: namba zinaposema kitu kingine

Toa jedwali hili la eneo la barafu Kilimanjaro, kwa kilomita za mraba:

1912: 12.1
1953: 6.7
1976: 4.2
1989: 3.3
2011: 1.76

Waambie wazi kwamba namba ya mwisho imetoka kwenye upimaji tofauti na zile nne, na kwamba upimaji huo ulipata 11.4 kwa mwaka 1912. Ramani ya kale ikichorwa upya, mpaka wa barafu unasogea. Tofauti ya 12.1 na 11.4 isifichwe. Ni somo la kwanza la kwamba kipimo kina ukungu wake.

Sasa hesabu tatu, kwa kikokotoo cha simu.

Ya kwanza ni utabiri. Chukua miaka ya 1912 hadi 1989 tu. Barafu imepungua kilomita za mraba 8.8 kwa miaka 77, yaani 0.114 kwa mwaka. Iliyobaki, 3.3, itaisha baada ya miaka 29, mwaka 2018. Sasa ongeza namba ya 2011 na urudie: 10.34 kwa miaka 99, kasi 0.104, na mwisho unasogea hadi mwaka 2028 hivi. Data moja mpya imesogeza mwisho kwa miaka kumi. Wanachuo wakishapata hilo kwa mikono yao, waeleze kwamba watafiti waliochapisha mwaka 2002 walitabiri barafu kwisha kati ya 2015 na 2020. Filamu ilichukua utabiri wa namna hiyo ikautamka bila ukungu wake. Mstari ulionyooka unashindwa kwa sababu barafu ya Kibo huliwa zaidi kwenye kuta zake za wima, na kadiri vipande vinavyopungua ndivyo na kuta zinavyopungua. Atakuwepo atakayesema kasi imeshuka kwa hiyo hali ni nzuri. Mpe hesabu ya asilimia: kati ya 1989 na 2011 ilipotea asilimia 47 ya iliyokuwepo.

Ya pili ndiyo inayowasha darasa. Nguvu ya ziada ya joto inayoletwa na hewa ukaa hukadiriwa kwa fomula 5.35 × ln(C/280), kwa wati kwa kila mita ya mraba, ambapo ln ni logi asilia, kitufe kilichomo kwenye kikokotoo, C ni kiasi cha hewa ukaa kwa sehemu za milioni na 280 ni kiwango cha kabla ya viwanda. Mwaka 1953 C ilikuwa karibu 312, jibu ni 0.58. Mwaka 2011 ilikuwa karibu 392, jibu ni 1.80. Kwa hiyo kufikia 1953 msukumo wa hewa ukaa ulikuwa kama theluthi moja tu ya ule wa 2011. Lakini angalia barafu: kufikia 1953 ilikuwa imepotea 5.4 kati ya 10.34, zaidi ya nusu. Kama joto la hewa ukaa peke yake ndilo lililokula barafu, mbona barafu ilitangulia?

Nyamaza. Waache wabishane dakika kumi kabla hujajibu.

Jibu linaanzia karne ya 19. Viwango vya maziwa ya Afrika Mashariki vilishuka ghafla miaka ya 1880, ukanda ukawa mkavu zaidi, na theluji ya kuilisha barafu ya Kibo ikapungua. Juu kule, karibu mita 5,800, wastani wa joto la hewa uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Barafu hiyo inapungua kwa sehemu kubwa kwa kugeuka mvuke moja kwa moja, jua likipiga kuta zake, bila kuwa maji. Hapo rudi kwenye friza. Kikombe A kitakuwa kimepungua gramu kadhaa na kikavu kabisa, B karibu kilivyokuwa, na sarafu ya C iko juu pale pale. Hesabu ya tatu inafuata: kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji megajuli 0.33, kuigeuza mvuke moja kwa moja kunahitaji megajuli 2.83, mara 8.5 zaidi. Jua lile lile lingekula barafu nyingi zaidi kama ingekuwa inayeyuka. Ndiyo maana swali "inayeyuka au inakauka?" lina uzito.

Hapa ndipo walimu wengi hupoteza darasa. Mwanachuo mmoja au wawili watahitimisha kwamba basi mabadiliko ya tabianchi ni uongo. Usingoje waseme, kipindi hicho hicho weka namba za Rwenzori, ambako barafu imeshuka kutoka kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 hadi chini ya 1 mwaka 2003, na Mlima Kenya nao umepoteza sehemu kubwa ya barafu yake. Kilimanjaro ni shahidi mwenye utata katika kesi yenye mashahidi wengi. Joto la bahari ya Hindi linagusa unyevu unaofika mlimani, na barafu iliyokwisha dhoofishwa na ukavu haina pa kujificha dunia inapopata joto. Novemba 2022 UNESCO iliiweka Kilimanjaro na Mlima Kenya kwenye orodha ya maeneo ya urithi yatakayokuwa hayana barafu ifikapo 2050. Mwambie mwanachuo aandike sentensi moja yenye mambo yote mawili. Anayeweza kuiandika ameelewa.

Tahadhari moja. Kuna jaribio maarufu la chupa mbili, moja ya hewa ya kawaida na nyingine yenye hewa ukaa ya siki na magadi, zikiwekwa chini ya taa na vipimajoto. Chupa ya hewa ukaa hupata joto zaidi na darasa hupiga makofi. Liache. Joto lile kwa sehemu kubwa linatokana na hewa ukaa kuwa nzito, ikakaa chini bila kuchanganyika na hewa ya juu. Ukiweka agoni, ambayo si gesijoto, unapata matokeo yale yale. Huwezi kukosoa filamu kwa picha inayodanganya kisha ukadanganya kwa chupa.

Wiki ya 4: mahakama

Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilisambaza filamu ya Gore kwa shule za sekondari. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule huko Kent akashtaki, akitumia vifungu vya 406 na 407 vya Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, vinavyokataza kuwajaza wanafunzi siasa za upande mmoja na kudai mada zenye ubishi wa kisiasa zifundishwe kwa uwiano. Jaji Michael Burton alisema hoja kuu za filamu zina msingi wa kisayansi, akaorodhesha "makosa" tisa, akiyaweka yeye mwenyewe kwenye alama za kunukuu, na akaruhusu filamu ionyeshwe pamoja na maelezo ya mwongozo kwa walimu. Siku mbili baadaye Gore na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, walitangazwa washindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel. Waliotaka kushangilia walipata cha kushangilia pande zote mbili.

Makosa ni tisa. Kilimanjaro mmeshaifanya pamoja. Yamebaki manane, na makundi ni manane. Kila kundi lichukue moja: bahari kupanda hadi mita 7, visiwa vya Pasifiki kuhamwa, mkondo wa bahari ya Atlantiki, mchoro wa hewa ukaa na joto, Ziwa Chad, kimbunga Katrina, dubu wa barafu, matumbawe. Kazi yao ni kurasa mbili zenye majibu matatu: filamu inasema nini hasa, jaji alisema nini hasa, na sayansi ya leo inamuunga mkono nani. Angalia wasiishie kwa jaji kana kwamba jaji ni maabara. Kwenye bahari, kwa mfano, barafu yote ya Grinlandi ikiyeyuka bahari hupanda karibu mita 7. Kipimo ni sahihi. Kilichokosewa ni muda, kwa sababu kazi hiyo huchukua karne nyingi. Ziwa Chad lilisinyaa kweli tangu miaka ya 1960, lakini ukame wa Saheli na umwagiliaji vinapigania nafasi ya kwanza.

Kipindi cha pili igizeni kesi. Majaji 3, mawakili 4 kila upande, dakika 10 za kila hoja kuu, dakika 5 za kujibu, dakika 20 za majaji kuandika uamuzi chumba kingine. Wengine wote wawe waandishi wa habari, na kila mmoja aandike habari ya maneno 150. Soma kwa sauti vichwa vya habari vitano. Kwa kawaida viwili kati yake vitapotosha hukumu waliyoisikia kwa masikio yao dakika tano zilizopita, na hapo huhitaji kufundisha zaidi kuhusu vyombo vya habari.

Wiki ya 5: kutoka kilele hadi halmashauri

Anza na kalamu mbili za rangi. Kila kundi lisome sheria ya Tanzania na ya Kenya, lipake nyekundu kila neno linalolazimisha na kijani kila neno linaloruhusu tu. Kati ya "waziri atafanya" na "waziri anaweza kufanya" ndimo sera nyingi hufia. Waone pia tofauti ya umbo: Kenya ina sheria nzima ya mwaka 2016, yenye baraza linaloongozwa na Rais na kifungu kinachotaka tabianchi iingizwe kwenye mitaala, na iliyorekebishwa mwaka 2023 ili kusimamia biashara ya kaboni. Tanzania imeegemea kifungu ndani ya sheria ya mazingira pamoja na mkakati wa taifa wa 2021 hadi 2026. Waulize ipi ni rahisi kumpeleka mtu mahakamani.

Kisha hesabu ya ahadi. Kenya mwaka 2020 iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Darasa litadhani ni kupunguza kutoka kiwango cha leo. Sivyo. Ni kutoka kiwango kinachotarajiwa kama mambo yangeachwa yaende yalivyo, tani milioni 143. Ondoa asilimia 32, inabaki 97. Mwaka 2015 nchi ilikuwa na tani milioni 93.7. Kwa hiyo ahadi ya "kupunguza" inaweza kutimizwa huku gesi ikiongezeka kidogo. Ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021, asilimia 30 hadi 35, imejengwa kwa mtindo huo huo. Si udanganyifu: nchi yenye mchango mdogo duniani inayotaka umeme na barabara inaahidi namna hiyo. Ila mwanachuo wa sheria asiyejua msingi wa asilimia hawezi kusoma mkataba.

Sasa mlima. Wanachuo karibu wote wanaamini barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Barafu huchangia sehemu ndogo tu ya maji hayo. Maji yanatoka kwenye ukanda wa msitu, ambako miteremko ya kusini kwenye mita 2,200 hivi hupata karibu milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, na juu zaidi miti hukamua ukungu. Moto ndio adui wa msitu huo. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza makumi ya kilomita za mraba, na Oktoba 2022 mlima ukawaka tena. Ukavu na joto huongeza moto, na hapo tabianchi inarudi kwa mlango wa nyuma. Mfereji wa asili wa Wachaga, mfongo, unategemea msitu huo zaidi ya kilele kinachopigwa picha.

Kazi ya wiki: waraka wa maneno 800 kwa mkurugenzi wa halmashauri mojawapo ya wilaya za mlimani. Lazima uwe na namba mbili kutoka wiki ya 3, kifungu kimoja cha sheria, gharama iliyokadiriwa kwa shilingi na jina la idara itakayotekeleza. Na uwepo mwiko mmoja: sentensi "elimu itolewe kwa jamii" imepigwa marufuku, pamoja na binamu yake "wananchi wahamasishwe kupanda miti". Atakayetaka elimu aseme nani atafundishwa, nini, siku ngapi, kwa fedha ya nani. Atakayetaka miti aseme aina gani, mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na nani ataimwagilia mwezi wa nane.

Wiki ya 6: filamu ya dakika tatu, kwa simu

Kila kundi litengeneze filamu ya dakika 3 yenye dai moja linalopimika kuhusu mahali wanapoishi, si lazima mlima: kisima kilichoingia chumvi, soko linalofurika, bei ya mkaa. Hati ya maneno 350 iidhinishwe kabla kamera haijawashwa. Simu ilazwe upande na iwe haipokei simu. Picha ya ubora wa 1080 hula karibu MB 130 kwa dakika, hivyo dakika 20 za kurekodi zinahitaji zaidi ya GB 2.5 tupu. Upepo huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote: vuta soksi safi juu ya kipaza sauti na msimame karibu na msemaji, hatua moja. Anayehojiwa aseme kwa sauti yake mbele ya kamera kwamba amekubali, na aoneshwe filamu kabla ya darasa kuiona.

Kosa litakaloonekana kwenye filamu nyingi ni muziki wa huzuni juu ya ardhi iliyopasuka. Toa alama kwa namba inayoonekana kwenye skrini pamoja na mwaka wake, na uiondoe kwa picha isiyo na tarehe. Mgawanyo unaofaa: daftari la friza 15, ripoti ya kosa la filamu 20, waraka 30, filamu 20, mtihani 15. Daftari la friza lisahihishwe kwa ukweli wa rekodi, hata kama barafu yao iliharibika siku ya sita. Kundi lililoandika "umeme ulikatika, sarafu imezama" lipate alama zote.

Kwa mtihani inatosha picha moja ya Kibo ambayo hawajaiona, isiyo na tarehe, na swali moja: taja mambo manne unayohitaji kujua kabla hujaiweka kwenye filamu.